Mgeni Anayelipa, Je, Ni Mgeni Bado?

Sisi tuliolelewa vijijini tumefundishwa tangu utoto kwamba mgeni halipi. Akifika hupewa maji, hutandikiwa mkeka, hula. Kumdai franki ni aibu ya ukoo mzima. Basi, wakristo wetu waendao Roma kwa masomo au kwa hija hushangazwa na jambo moja.

Huko, katika mitaa ya Trastevere na Testaccio, zipo nyumba ndogo za chakula ziitwazo trattoria. Baba huzunguka mezani, mama au nyanya yumo jikoni, watoto hupeleka sahani. Mgeni hupokelewa kwa sauti kubwa kama ndugu aliyepotea. Desturi ya zamani ni hii: alhamisi gnocchi, ndivyo vidonge vya viazi na unga, ijumaa samaki, kwa sababu ya mfungo, jumamosi matumbo ya ng'ombe. (Hapo tutaelewana nao mara moja.) Wafanya kazi wa machinjio ya Testaccio, yaliyofungwa mwaka 1975, walipewa sehemu ya mshahara wao kwa matumbo na mikia. Katika umaskini ule vilitoka vyakula ambavyo leo matajiri wanavitafuta.

Kisha karatasi ya hesabu inaletwa. Je, ukarimu ule ulikuwa uongo? Wengine husema ndiyo, maana upendo hauuzwi. Sisi hatukubali. Wazee wetu wenyewe walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba chakula ni jasho la mtu. Anayelipa hesabu analipa unga, moto na mikono. Uchangamfu haumo katika karatasi ile. Umetolewa bure, na deni lake ni shukrani. Mbaya ni yule anayedhani kwamba kwa fedha zake amemnunua mpishi, akamwita binti wa nyumba kwa kupiga vidole, kama mbwa.

Lakini swali gumu zaidi limo jikoni, mahali mgeni hapaoni. Binti yule, nani anamlipa? Kwa miaka mingi Italia ilihesabu kazi ya mke na watoto katika biashara ya baba kuwa ni ya mapendo tu, basi haidai kitu. Mwaka 1975 sheria ya jamaa ilibadilishwa: ndugu afanyaye kazi daima katika biashara ya jamaa ana haki ya kutunzwa na kupata fungu la faida. Naye Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alikwisha kufundisha kwamba mshahara usiotosha kumlisha mfanya kazi ni udhalimu, hata kama mwenyewe ameukubali. Tusidhani maneno hayo yanawahusu wenye viwanda tu. Hata baba aweza kumdhulumu mwanawe, akaiita dhuluma ile mapendo.

Wala tusiwatazame Waitalia peke yao. Hapa Lubumbashi, na kule Bukavu, ni wapwa wangapi walioletwa kutoka kijijini ili «kusaidia» dukani kwa mjomba, wakapata ugali na nguo ya Noeli, na shule ikaachwa? Ukimwuliza mjomba, hujibu: «Huyu ni mtoto wangu, nimlipe namna gani?» Kweli, ni mtoto wake. Kwa hiyo haki yake inatangulia ya mgeni. Siku kijana huyo atakapotaka kuoa, ataondoka pale na nini mkononi?