Mwaka Mmoja Zaidi kwa Shamba la Karanga

Dominika hii ya 3 ya Kwaresima tumesikia Injili ya mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji anamsihi ampe mwaka mmoja zaidi, autifulie na kuutilia samadi. Mtunzaji yule alitazama chini, mizizini.

Juzi hapa Mandawa mama mmoja wa jumuiya alinionyesha karanga zake, zimedumaa, majani ya manjano. Alikuwa akihangaikia fedha ya mbolea ya yurea. Tuling'oa mche. Vinundu mizizini vilikuwa vya kuhesabu, na tulipovipasua kwa ukucha, ndani ni vyeupe. Kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu kama nyama. Humo wanaishi bakteria, rizobia, wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea, nao mmea unawapa sukari. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78. Kiwanda huigeuza kuwa mbolea kwa moto mkali na mgandamizo mkubwa. Mungu amewapa kazi hiyohiyo viumbe tusioweza kuwaona, chini ya mche wa karanga, pasipo moshi. Kila nikilitafakari jambo hili namshukuru.

Lakini tindikali ikizidi udongoni, pH ikashuka chini ya 5.5, rizobia hudhoofika, alumini huumiza mizizi, na kwa kukosa kalsiamu maganda hutoka matupu. Nasi tuna mkono wetu humo. Miaka mingi tumepuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Inayoanguka chini hugeuka tindikali, kisha karanga tunapanda papo hapo. Yurea nayo huongeza uchachu, na ikiwa nyingi mmea hauwakaribishi tena rizobia.

Ardhi ya nchi yetu imewahi pia kuamriwa izae kwa pupa. Kuanzia 1947 Waingereza walileta matrekta ya mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea; kufika 1951 wameuacha, mamilioni ya pauni yamepotea.

Nikiukumbuka mche ule uliodumaa, nawawaza pia vijana wetu tunaowaita wavivu, ilhali hatujauliza ni nini kimechacha nyumbani mwao.

Juma hili, ndugu yangu, ng'oa mche mmoja, upasue kinundu. Ukikikuta cheupe, usikimbilie dukani. Mwite afisa ugani udongo upimwe kwanza. Huenda shamba lako linahitaji chokaa.