Serikali Ndiyo Inalipa

Palikuwa na mtendaji wa kata mmoja wilayani Chamwino, kwenye vile vijiji ambako ikishafika Julai upepo huvuma kutwa na vumbi jekundu huingia hadi kwenye uji. Kisa hiki ni cha kutunga, lakini mtumishi wa halmashauri akikisoma huenda akamkumbuka mtu.

Kadi zake za bima ya afya zilikuwa sita, idadi inayoruhusiwa: yake, ya mkewe, za watoto wawili, ya mama yake mzazi na ya mama mkwe. Jioni moja mama mkwe huyo aliingia na binti yake mdogo, mimba ya miezi minane. Mume wa binti alikuwa ameenda machimboni na simu yake haipatikani. Zahanati ilikuwa imewaambia kwamba mtoto amelala vibaya tumboni, hivyo mama akajifungulie hospitali, tena kwa upasuaji. Bima hakuwa nayo. Ile shilingi 30,000 ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo ingewakatia bima watu sita wa kaya kwa mwaka mzima, walikuwa wakiiahirisha kila msimu wa mavuno.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "dada yake si ana kadi? Hawa wamefanana, hata mimi nawachanganya. Na wewe hela haikutoki mfukoni. Serikali ndiyo inalipa."

Mkwe hakataliwi kirahisi. Mtendaji akajibu, "Sawa, mama," akaenda kuchukua kadi kwenye pochi ya mkewe.

Dirishani, kwenye hospitali moja ya mjini, karani aliitazama picha, akamtazama binti, akaingiza namba. Kisha akamsogezea fomu ya madai na kalamu. Sehemu ya vipimo ilikuwa tupu, ya dawa tupu, ya jumla tupu. "Saini hapa chini, dada, tusikusumbue baadaye." Akasaini jina la dada yake. Mtoto alizaliwa salama, na watu wakashukuru. Fomu ilijazwa kesho yake, na kilichojazwa humo, zikiwemo dawa ambazo mgonjwa hakupewa na siku za kulazwa ambazo hakulala, hakuna mtu wa familia ile aliyepata kukiona.

Mwaka uliofuata mke wa mtendaji naye alipata mimba. Usiku mmoja akaanza kutoka damu nyingi, wakamkimbiza kwenye hospitali ileile. Nesi akafungua kumbukumbu zake kwenye kompyuta, akasoma, akamfunua tumbo. Akarudi kusoma tena.

"Mama, hapa panasema mwaka jana ulijifungua kwa upasuaji. Mbona huna kovu?"

Mume alikuwa amesimama mlangoni. Hakujibu.

Kundi la damu lililoandikwa kwenye faili lilikuwa la mdogo mtu. Maabara ilirudia kipimo kama utaratibu unavyotaka, na majibu yakatofautiana na faili. Utaratibu huo ndio uliomwokoa. Mama na mtoto walipona, lakini kadi zote sita zilifungwa kabla hakujapambazuka, gharama za usiku ule zikalipwa taslimu, na baada ya wiki chache mtendaji akapokea barua mbili: moja ikimtaka arejeshe gharama za upasuaji wa shemeji yake, nyingine kutoka kwa mkurugenzi wake ikimtaka ajieleze. Ng'ombe wawili walipelekwa mnadani. Mama yake mzazi, ambaye hakuhusika na lolote, alikaa bila dawa za presha mpaka zilipopatikana hela za kununua dukani.

Sasa turudi kwenye lile neno la mama mkwe, maana linasemwa sana, hata maofisini.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, wenye kadi kama zile za mtendaji, ulianzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ukiwalenga kwanza watumishi wa serikali. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara. Asilimia 3 anakatwa mtumishi, asilimia 3 anaongeza mwajiri. Mwenye mshahara wa shilingi milioni moja anakatwa 30,000, na pamoja na ya mwajiri inakuwa 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Igawanye kwa watu sita, unapata 120,000 kwa kila mmoja, kwa mwaka mzima. Humo ndimo yanamotoka matibabu ya malaria, meno, miwani, uzazi, presha, kisukari na saratani.

Chukua mgonjwa mmoja wa figo anayesafishwa damu mara 3 kwa wiki. Kwa mwaka ni mara 156. Tukadirie kila mara kwa laki moja na nusu tu: inafika shilingi 23,400,000. Hiyo ni michango ya mwaka ya zaidi ya watumishi 32 wa mshahara ule, ambao kwa mwaka huo wao na familia zao wasiugue hata mafua. Wagonjwa wa aina hiyo wanaongezeka, wastaafu wanaendelea kutibiwa na wenza wao bila kuchangia tena, jambo ambalo ni haki yao, na asilimia 6 imebaki asilimia 6.

Ndiyo maana mtumishi anayesema bima imepanda bei, ingawa makato yake hayajabadilika, hasemi uongo. Bei imepanda kwa mlango wa nyuma. Dawa uliyozoea unaambiwa haipo kwenye orodha, ukanunue. Hospitali uliyozoea haiipokei kadi. Tarehe 1 Machi 2024, Mfuko ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi kubwa zilisimamisha huduma kwa wanachama wake, zikidai bei mpya hazilipi. Mwenye kadi aliyefika siku hiyo alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: atoe fedha au aende hospitali ya serikali akapange foleni.

Kwa hiyo mama mkwe alikosea. Ila alikosea nusu. Nusu ya mchango kweli inatoka serikalini, na serikali hiyohiyo ilikuwa mdaiwa wa Mfuko. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ya mwaka wa fedha 2022/23 ilionyesha Mfuko ulikuwa na nakisi ya zaidi ya shilingi bilioni 150, na ikaitaka Serikali ilipe mikopo iliyochukua humo, inayozidi bilioni 200. Mtu akikwambia kwamba Mfuko umeyumba kwa sababu ya kadi ya mke wa mtendaji, mwambie apige hesabu upya. Upasuaji mmoja wa uzazi haufilisi kitu. Fomu zinazojazwa baada ya mgonjwa kuondoka, maelfu kwa maelfu, na mikopo ya wakubwa isiyorudi, hizo ndizo fedha za kuzungumzia, na mimi naona ajabu kwamba anayetangazwa kwanza kwa udanganyifu mara nyingi ni mwanachama wa chini.

Lakini ubaya wa kuazima kadi hauko kwenye fedha peke yake. Fedha hulipwa, ng'ombe akanunuliwa mwingine. Faili la matibabu likishachanganywa halina wa kulinyoosha, kwa sababu anayelisoma ni daktari wa zamu saa nane za usiku, na analiamini. Mzio wa dawa usio wako, kundi la damu lisilo lako, kisukari ambacho huna, vyote vitakufuata. Na siku hizi Mfuko unahakiki wanachama kwa alama za vidole na sura, kwa hiyo hata ile hoja ya kufanana na dada inazidi kukosa nguvu.

Na kwa binti yule njia ilikuwepo. Shilingi 30,000 wakati wa kuuza mtama au zabibu, kabla hela haijaingia kwenye sherehe. CHF iliyoboreshwa hata haikuwa ngeni kwake: Mkoa wa Dodoma ni miongoni mwa iliyotangulia kuijaribu kabla haijaenea nchini. Mtendaji wa kata ndiye aliyekuwa akiwahimiza wananchi kwenye mikutano wajiunge nayo. Nyumbani kwa wakwe hakuwahi kuitaja.

Tangu Novemba 2023 Bunge lilikwisha kupitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, na uendeshaji wake unategemea sana tabia zinazoonekana leo dirishani. Mtumishi mwenzangu, ukisogezewa fomu tupu, irudishe. Mwambie karani, kwa adabu, ajaze kwanza, usome kila dawa na kila kipimo, kisha utie saini. Ataguna, na waliopo nyuma yako kwenye foleni nao wataguna. Simama hapohapo mpaka ijazwe.