Je, Mwanafunzi Aweza Kushika Mawili?

Wazee walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka. Neno hili wazazi wengi hulikumbuka wanapomwona kijana wao wa sekondari akipenda mbio au mpira sawasawa na vitabu. Mmoja husema, "Aache michezo, maana hakupelekwa shuleni kucheza." Mwingine, aliyesikia habari za wakimbiaji waliojenga nyumba nzuri, husema, "Mwacheni akimbie, vitabu vitamngoja." Basi, ndugu wasomaji, na tufikiri pamoja: ni yupi kati ya hawa wawili amwoneaye mtoto huruma ya kweli?

Tutazame kwanza mahali ambapo jambo hili limejaribiwa. Nchini Kenya, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, uko mji mdogo uitwao Iten, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hapo ipo shule ya wavulana, St. Patrick's. Mwaka 1976 alifika mwalimu kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, naye alikuja kufundisha jiografia. Kazi ya kufundisha mbio hakuwa ameisomea. Walakini katika shule hiyo walitoka Peter Rono, aliyeshinda mbio za mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na Matthew Birir, aliyeshinda mbio za kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992. Baadaye David Rudisha alishinda mita 800 huko London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, na kabla yake hapakuwa na mtu aliyekimbia mbio hizo kwa muda mfupi hivyo.

Watu husema siri ni hewa ya milimani. Lakini hewa hiyo yavutwa na shule nyingi za nchi ile. Yafaa tuangalie jambo jingine, yaani kwamba mwalimu wa uwanjani alikuwa ndiye mwalimu wa darasani. Mtu wa namna hiyo hawezi kumdai kijana miguu yake na kusahau daftari lake, kwa kuwa yote mawili yaja mezani pake. Tena Bruda huyo alizoea kuwakusanya vijana katika kambi za mazoezi wakati wa likizo, ambapo hakuna somo la kunyang'anywa saa zake. Wala hakuwa mwepesi wa kuwatwika watoto mazoezi ya watu wazima.

Na matunda ya masomo yalionekana. Rono alisoma katika chuo kikuu cha Mount St. Mary's huko Marekani. Vyuo vya nchi ile huwalipia karo wakimbiaji hodari, lakini huwataka wawe wamefaulu mitihani ya sekondari, na aliyekwisha kuingia huzuiwa kushindana alama zake zikishuka mno. Hivyo miguu hubisha hodi, bali akili ndizo huambiwa karibu.

Hata hivyo tusijidanganye kwa kuwataja washindi tu. Katika mbio moja ya Olimpiki nchi moja hupeleka watu 3, wasizidi, na medali ya dhahabu hupewa mmoja. Je, yule wa nne aliyebaki nyumbani? Na yule wa arobaini, aliyeamka alfajiri miaka minne na kukimbia katika baridi, wala jina lake halikuandikwa popote? Hao ndio wengi, na shule hupimwa kwao. Wakitoka wakiwa na elimu yao kamili, hawakupotewa na kitu: walipata mwili wenye nguvu na moyo wa kuvumilia. Wakitoka na viatu vilivyochakaa tu, shule imewatumia kama punda wa kuleta vikombe vya kupamba ofisi ya mwalimu mkuu.

Hata mshindi hana hakika ya kesho. Rudisha alishinda tena huko Rio mwaka 2016, kisha akapatwa na maumivu ya mwili, na mashindano ya Tokyo ya mwaka 2021 yakafanyika bila yeye. Na huku Tanzania, Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alipokwisha kuacha mbio alianzisha shule. Tendo hilo latosha kuwa hotuba.

Kwa hiyo msaada wa kweli ni upi? Si kumsamehe mkimbiaji kazi yake. Mwalimu ampaye alama kwa somo asilolifanya amemwibia, ingawa mtoto hushukuru. Wala si kumkataza mchezo, maana kipaji kilichozuiwa kwa nguvu huacha uchungu, na pengine vitabu vyenyewe huchukiwa. Msaada ni kubadili saa bila kubadili kipimo. Kijana aliyekuwa safarini na timu siku ya mtihani na afanye mtihani siku nyingine, lakini uwe wenye uzito ule ule. Na kwa kuwa kijana wa umri huo ahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10, asiachwe kukimbia alfajiri na kusoma usiku wa manane. Wakubwa na wakae pamoja wapange ni shughuli gani impunguzwe.

Mshika mawili moja humponyoka: hiyo ni kweli kwa mtu aliye peke yake. Mtoto wa miaka 16 hana mikono ya kutosha. Basi mwalimu na amshikie upande mmoja, na mzazi upande wa pili, mpaka apate nguvu za kuchagua mwenyewe. Nanyi wazazi, mtoto arudipo kutoka mashindanoni, muulizeni alishika nafasi ya ngapi. Kisha, siku hiyo hiyo, muulizeni pia ni somo gani lililompita, na ni nani atakayemfundisha.