Saa saba zina bei gani?

Baba mdogo alifariki Jumanne usiku, hapa Mbezi Beach. Binti yake yuko Amsterdam. Akakata tiketi ya kutua Alhamisi saa nne asubuhi, na wazee, baada ya mabishano, wakakubali kusogeza mazishi kutoka adhuhuri hadi alasiri ili amwone baba yake mara ya mwisho. Ndege ikaharibika kabla hata haijaondoka Ulaya. Akatua saa kumi na moja jioni, akakutana na foleni ya barabara ya Mandela, na alipofika nyumbani wanaume walikuwa wamesharudi makaburini Kinondoni. Hakumwona.

Miezi miwili baadaye akalipwa euro 600.

Hiyo ni sheria ya Ulaya, namba 261 ya mwaka 2004. Ukiondokea uwanja wa Umoja wa Ulaya, hata kwa ndege isiyo ya Ulaya, ukachelewa sana kufika, safari ikiwa inazidi kilomita 3,500, unalipwa kiasi hicho. Hali ya hewa mbaya inaweza kuliokoa shirika; ndege kuharibika, kwa kawaida haiwezi. Lakini wakati wa kurudi, shirika lilelile, ndugu yangu huyohuyo, alikaa saa tisa Jengo la Tatu pale uwanja wa Nyerere. Akapewa maji na sambusa. Sheria ya Ulaya ingemfuata huku kama angepanda ndege ya shirika la Ulaya. Hakupanda.

Msinielewe vibaya, si kwamba huku hatuna kitu. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, na unaweza kudai ndani ya miaka miwili. Ila mkataba ule unataka hasara: hoteli uliyolipia, kazi uliyopoteza. Kwa maneno mengine, risiti iko wapi? Sasa niambie, msomaji, risiti ya uso wa baba inatolewa dirisha gani?

Mwanzoni zile 600 zilinikera. Mtalii aliyechelewa ufukweni Nungwi analipwa sawasawa na mtoto aliyekosa kumuaga baba yake. Ni haki gani hiyo? Nimebadili mawazo. Bei moja kwa wote haijifanyi kupima majonzi ya mtu. Inasema tu: saa hizi zilikuwa zako, tumezichukua, tunalipa. Hakuna karani wa kukuuliza ulimpenda marehemu kiasi gani. Risiti ndiyo inayodhalilisha, maana inachukulia kuwa muda wako ni bure mpaka uthibitishe vinginevyo. (Sisi wenyewe tumeuzoea huo mtindo. Kadi ya harusi inasema saa kumi na mbili, bwana harusi anaingia saa tatu, na hakuna anayeomba radhi.)

Kinachobaki kunisumbua ni shangazi. Nilipomweleza habari za fidia akasikiliza vizuri, halafu akauliza: "Na sisi tuliokaa na maiti tangu adhuhuri, tunamdai nani?" Sikuwa na jibu. Sheria zote mbili zinamtambua mwenye tiketi. Anayesubiri nyumbani hana tiketi.

Hela yenyewe ndugu yangu hakutaka kuigusa. Akaituma yote huku, tukanunulia mchele na nyama ya hitima. Yeye hakuwepo, likizo ilikuwa imeisha.