Mwanafunzi na Saa Yake

Kengele ya shule huwalilia wote sawasawa, lakini akili za watu haziendi kwa mwendo mmoja. Aliye mwepesi humngoja mwenzake akachoka. Aliye mzito huburutwa akakata tamaa. Je, ni haki kuwapimia wote kwa kibaba kimoja?

Mwaka 1920, katika shule ya sekondari ya mji wa Dalton, Massachusetts, Marekani, mwalimu Helen Parkhurst alijaribu njia nyingine. Kila mwanafunzi alipewa kazi ya mwezi mzima, akafunga mkataba wa kuimaliza. Kila somo lilikuwa na chumba chake na mwalimu wake. Mwanafunzi alichagua mwenyewe aanzie wapi na akae muda gani. Lakini hakupewa kazi ya mwezi wa pili, hata katika somo alipendalo, mpaka amalize yote, pamoja na lile alichukialo.

Hapo ndipo penye fundisho. Wengi hudhani kuwa uhuru ni kuondolewa kengele tu. Sivyo. Kengele ikiondoka, mwanafunzi hubaki na msimamizi mmoja, naye ni nafsi yake.

Niliwahi kumharakisha kijana mzito, naye akanakili majibu ya jirani yake apate kwenda sawa na darasa. Nilimfundisha mwendo, sikumfundisha hesabu. Kosa lilikuwa langu. Mwenda pole hajikwai, lakini asiyekwenda hafiki. Basi, ewe mwanafunzi, ukipewa saa iwe yako, utaitumia kwa somo gani: ulipendalo, au likushindalo?