Je, Asahauye Wanawe Amekwisha Kuwa Mama?

Mama mzee wa Katubuka aanzapo kuwasahau wanawe na kupotea njia ya nyumbani, hawakosi majirani wa kunong'ona ya kwamba amerogwa, au, vibaya zaidi, ya kwamba yeye ndiye mchawi.

Maradhi haya yalielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Mwaka 1991 Robert Terry na wenzake walionyesha ya kwamba kupungua kwa akili ya mgonjwa huambatana hasa na kupotea kwa sinapsi, yaani viungio ambapo chembe moja ya ubongo huipasha nyingine habari. Kwetu Tanzania, uchunguzi uliofanywa wilayani Hai uliwakuta wazee wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wamepatwa na maradhi ya kupotewa na akili. Je, wote hao ni wachawi?

Lakini mwenye kukana roho atauliza: ikiwa kumbukumbu hukaa katika sinapsi, nazo zimekufa, si mtu naye amekwisha? Basi na aende Ujiji akagawe mirathi ya mama huyo! Hathubutu. Na aliyekopa fedha kwake angali anadaiwa, ijapokuwa mdai hakumbuki. Maana haki yake haikuwekwa katika kumbukumbu zake. Kurani Tukufu, katika Sura An-Nahl, yamtaja mzee asiyejua tena aliyoyajua, nayo yamhesabu kuwa miongoni mwetu.

Binti anayemlisha leo, asiyetambuliwa wala kushukuriwa, analipa deni hilo.