Milango ya Fahamu

Wako wasemao kuwa fasihi mpya ya Ulaya haina kazi ila kuamsha matamanio, kwa kuwa husifu ladha, harufu na mguso. Wengine huipenda kwa sababu hiyo hiyo, wakidhani uhuru ni kuonja kila kitu. Makundi yote mawili yamekosea.

Natutazame mfano mmoja. Mwaka 1913 Marcel Proust, mwandishi wa Ufaransa, alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa juu ya wakati uliopotea. Humo mtu mzima anywa chai aliyochovya kijikeki, mara moyo wajaa furaha asiyoijua asili yake. Funda la pili halimzidishii kitu. La tatu lampunguzia. Ndipo atambuapo ya kuwa alitafutalo halimo kikombeni, bali limo nafsini mwake. Akiweka kikombe chini, akafikiri kwa taabu, hata akamkumbuka shangazi aliyekuwa akimpa kijikeki kama hicho utotoni.

Basi, ndugu msomaji, fahamu zetu ni milango, na mlango si nyumba. Auzibaye hapati habari. Akaaye kizingitini haingii ndani. Harufu ya udi ikikukumbusha mama yako aliyekufa, usikimbilie kuzidisha makaa chetezoni. Keti, ujiulize: ni haki gani ya mama huyo ambayo hata leo hujaitimiza?